Mchicha wa Kwenye Daftari

Jumatatu, 14 Julai

178 kwa 112. Naandika ili kesho nisije nikajidanganya. Sista Evelina wa zahanati alipima mkono wa kushoto. Akapima na wa kulia. Kisha akaniambia kwa upole, mzee Rashidi, hii siyo presha ya mtu wa kukaa kwenye usukani. Mzee! Nina miaka hamsini na moja tu!

Balaa lote kalileta Mama Rukia, mwenye malori. Kanunua Fuso jipya la kupeleka mboga Dar. Anataka dereva mmoja, na madereva tuko wawili, mimi na Anord. Kasema atakayemletea barua ya zahanati kwamba presha yake iko chini ya 140 kwa 90, Ijumaa ya tarehe 25, ndiye atakayekabidhiwa funguo. Atakayeshindwa abaki ghalani kuchambua kabichi. Miaka ishirini na mbili nashuka kona za Soni na mzigo bila kukwaruza hata kioo, leo nikachambue kabichi! Siwezi. Nitakufa kwa aibu kabla ya presha.

Anord ana 164. Nilichungulia cheti chake. Kwa hiyo mechi bado mbichi.

Sista kanipa vidonge na masharti. Nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, sukari niache kabisa. Mboga na matunda kila siku. Nitembee nusu saa. Na kila ninachokula nikiandike kwenye daftari, nimpelekee Ijumaa. Nimenunua madaftari mawili. Moja la Sista. Hili ni la ukweli, maana anayedanganya lazima awe na mahali pa kukumbukia.

Vidonge nimevificha ndani ya kiatu changu cha Idd. Watu wanasema ukivianza huviachi.

Jumanne, 15 Julai

Baridi ya kukata masikio. Ukungu mpaka saa nne. Hali ya hewa ya supu hii, nani atabisha?

Daftari la Sista: asubuhi uji wa ulezi bila sukari, kipande cha papai. Mchana mchicha wa karanga usio na chumvi, karoti za mvuke, ugali kiasi cha ngumi. Matembezi mpaka juu mlimani Irente na kurudi.

Ukweli: supu ya makongoro bakuli mbili, chapati tatu, chai ya maziwa sukari vijiko vinne. Mchana makande ya mke wangu Mwanaheri, nikayaongezea chumvi alipogeuka. Matembezi kutoka kitandani mpaka kwa muuza supu.

Nimegundua nina kipaji. Ule mchicha nimeuandika vizuri mpaka nikautamani. Ajabu, miaka yote hii nimebeba koliflawa, hoho na karoti kwenda kuwalisha watu wa Dar, na koliflawa yenyewe sijawahi kuitia mdomoni. Sisi huku mboga ni mzigo, siyo chakula.

Jumatano, 16 Julai

Mpango kabambe! Daftari bila ushahidi ni karatasi tu. Nimepanda bodaboda mpaka Irente, nishuke kwa miguu nipite mbele ya zahanati nikihema. Chupa ya maji mfukoni, ya kujipaka usoni yawe jasho.

Njiani nani? Anord! Anapanda kwa miguu, fimbo mkononi, jasho la kweli linamtiririka. Nikajikunja nyuma ya mwenye boda kama gunia. Anord akanisalimia kwa jina. Lo! Mtu ana macho huyo.

Wakati wa kushuka mambo yakabadilika. Kichwa kikaanza kugonga. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikakaa kwenye jiwe, nikamkumbuka kaka yangu Kassimu. Kiharusi kilimwangusha shambani akiwa na jembe mkononi. Mwaka wa nne sasa upande mmoja haufanyi kazi, analishwa uji na mke wake. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa mpaka machozi yakanitoka. Nikamwahidi Mungu chumvi basi, supu basi.

Baada ya robo saa mkono ukarudi. Nikatafakari nikaona lazima ni ule ubaridi wa chuma cha boda nilichokishikilia. Nimekula chips mayai ili kurudisha nguvu.

Ijumaa, 18 Julai

Kimenuka.

180 kwa 114. Imepanda! Sista Evelina akafungua daftari langu, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Nilitegemea sifa. Badala yake uso ukamshuka. Akauliza kama vidonge nameza. Nikasema kila siku, Sista. Akasema basi tatizo siyo chakula. Mtu anayekula hivi, anayetembea hivi, na dawa anameza, na bado presha inapanda, huenda figo zina shida. Jumatatu ya tarehe 28 niende Tanga nikapimwe figo na moyo. Akaandika barua palepale.

Nikisema kweli, Mama Rukia atajua mimi ni mwongo, na usukani umekwenda. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa wa figo. Nikachagua figo.

Kisha likaja la pili. Sista akasema mlo huu ni wa mfano hata kama kwangu haujafanya kazi. Akawasomea wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi, bila kutaja jina. Uji wa ulezi! Mchicha wa karanga! Karoti za mvuke! Anord, naye alikuwa kwenye benchi akisubiri kupimwa, akaazima kalamu, akanakili kila kitu.

Tangu nirudi nyumbani figo zinauma. Ziko sehemu gani hasa sijui, ila zinauma.

Jumamosi, 19 Julai

Mwanaheri kakutana na Sista sokoni. Sista kamshukuru kwa jinsi anavyonitunza, hasa ule mchicha wa karanga usio na chumvi. Mwanaheri hajapika mchicha wa karanga tangu Zaina wetu yuko darasa la tatu. Zaina sasa ana watoto wawili.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Mwanaheri akigomba anagomba Kishambaa, haraka haraka, na yanakwisha. Leo kaongea Kiswahili safi, polepole, kama yuko mbele ya baraza la kata. Kaniuliza, Baba Zaina, nani anakupikia?

Ilibidi nichague tena. Niseme nimemdanganya Sista? Mwanaheri ndiye anayekwenda kumfulia Kassimu kila Jumanne, angenimaliza. Ninyamaze? Basi nina mwanamke. Jina likanitoka lenyewe. Anord! Nikasema nakula kwa Anord. Anord ni mjane, anajipikia mwenyewe, Mlutheri mtaratibu ambaye hata nzi hamfukuzi kwa nguvu. Mwanaheri akajifunga khanga, akatoka moja kwa moja kwenda kwake.

Nilikaa barazani roho mkononi. Nikahesabu ndugu zangu ambao wangenipokea.

Karudi anatabasamu! Kamkuta Anord ana sufuria la mchicha wa karanga jikoni. Kauonja, hauna chumvi kabisa, hata hakuuliza zaidi. Kaniomba radhi. Halafu kaongeza jambo ambalo mpaka sasa linanitoa jasho. Amemwomba Anord niwe nakula pale asubuhi, mchana na jioni mpaka siku ya kipimo, yeye atapeleka unga na mboga. Na wakati ananitafutia barua ya huyo mwanamke, kakuta vidonge kwenye kiatu. Nikamwambia nilivitunza visipate unyevu. Kanimezesha kimoja papo hapo, akanifungua mdomo kuangalia chini ya ulimi.

Jumatatu, 21 Julai

Nakula uongo wangu mwenyewe. Uji wa ulezi bila sukari ni adhabu. Karoti za mvuke hazina hata pa kuanzia. Anord anasema aliyeandika mlo huu ni mtu mwenye hekima sana. Nikamwitikia, sana.

Kumi na moja na nusu alfajiri kanigongea dirisha, twende Irente. Kwa miguu! Anatembea kama anadaiwa. Nilisimama mara tisa nikisingizia kutazama mandhari. Akaniambia katika miaka yote hakujua kwamba napenda mandhari.

Ila nimepata mwanya. Anord kabla ya kula anafumba macho na kusali. Nina chumvi kwenye kikaratasi mfuko wa shati. Akifumba, nanyunyiza. Tatizo sala yake ni fupi. Mchana nilimwomba aniombee na figo zangu, zina shida. Masikini, kaziombea dakika nzima, moja moja. Nimenyunyiza vizuri sana.

Jumatano, 23 Julai

Leo alifumbua macho.

Mkono wangu ulikuwa juu ya sahani. Kikaratasi kiko wazi. Tulitazamana. Halafu akachukua sahani yangu akamwaga, akanisogezea ya kwake, akaanza kuhadithia. Mke wake, marehemu Yunis, alikuwa na presha. Alikuwa anafunga chumvi kwenye pindo la khanga, na Anord alijua, na kila siku alijifanya hajui ili asimuudhi. Akasema usukani anautaka, hawezi kunificha. Lakini hataki kuupata kwa kunizika, na hatajifanya hajui mara ya pili.

Nilimwonea huruma, nikajionea aibu. Wakati wa kurudi nikamwaga chumvi yote mtaroni, mbele yake. Nilikuwa na maana kabisa.

Alhamisi, 24 Julai

Kesho ndiyo kesho. Leo nimepanda Irente na kusimama mara tatu tu, na kichwa hakijaniuma tangu juzi. Hii nayo inanipa wasiwasi. Mtu mwenye figo mbovu kichwa kinaachaje kuuma?

Mama Rukia kapita na lile Fuso jipya. Jekundu! Kiti bado kina nailoni. Kaniambia anategemea barua saa nne asubuhi. Nikiwa ghalani mwaka mzima nitakuwa nalitazama hilo jekundu likishuka bila mimi. Nikaenda nyuma ya ghala nikalia kidogo. Hakuna aliyeniona, isipokuwa wachambuaji kabichi wote sita.

Ijumaa, 25 Julai

Tulikuwa kwenye benchi mimi, Anord na Mwanaheri, ambaye alisema hakosi kipimo cha leo hata iweje.

Anord kwanza. 134 kwa 82. Akasema Mungu mkubwa. Mimi moyo paa! Paa! Nikajikaza. Sista akafunga kitambaa, akajaza upepo, akasikiliza. 152 kwa 96.

Nimekosa. Kumi na mbili tu! Nikaona Fuso linaondoka.

Lakini Sista alikuwa anacheka kwa furaha. Kutoka 180 kwa wiki moja! Akauliza tumefanya nini kipya. Ndipo Anord, na roho yake nyeupe hiyo, akajibu kwa niaba yangu. Akasema ni ule mlo aliotusomea Ijumaa iliyopita, ameufuata neno kwa neno, na tangu Jumapili Rashidi naye anakula kwake.

Sista akasema, tangu Jumapili? Mlo ule si ni wa mzee Rashidi mwenyewe?

Mwanaheri akasema, Anord, si ulikuwa unampikia tangu wiki ile ya kwanza?

Anord akasema, mimi? Mchicha ule niliupika mara ya kwanza Jumamosi.

Watu watatu wakanigeukia. Nje kuku alikuwa anaparua, namsikia mpaka sasa. Hapakuwa na Anord wa kumtaja tena, maana ndiye huyo amekaa mbele yangu. Nikasema yote. Supu, boda, kiatu, figo.

Sista Evelina hakunikaripia. Laiti angenikaripia! Alisema wiki nzima hakupata usingizi kwa ajili ya figo zangu, amewapigia simu mpaka madaktari wa Tanga kuniombea nafasi ya mapema. Machozi yakamlengalenga. Mwanaheri alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kwamba hapakuwa na mwanamke, hapakuwa hata na mchicha. Kisha akamkumbuka Kassimu, kicheko kikakatika, Kishambaa kikaanza. Kilidumu mpaka nyumbani.

Jumamosi, 26 Julai

Saa mbili Anord ameshuka na Fuso jekundu, kabichi juu mpaka turubai limetuna. Alinipungia mkono. Nikampungia. Iliniuma, siandiki zaidi.

Mama Rukia kanipa mwezi mmoja. Nikimletea barua tarehe 25 Agosti, lile Fuso lake la zamani nitaliendesha mimi. Nikidanganya tena, ghalani moja kwa moja. Safari ya Tanga Sista kaifuta. Kanipa daftari jipya, na sharti jipya. Kila siku Mwanaheri asome nilichokula kisha aweke sahihi.

Nimeapa. Nimeapa mbele ya Sista, mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu, kwamba yaliyopita yamepita. Presha siyo mchezo, nimeiona kwa macho yangu. Safari hii ni ukweli mtupu.

Daftari jipya nimeshalijaza mpaka Alhamisi ijayo, ili wiki nzima nisisumbuliwe na kuandika. Nimeongeza koliflawa na parachichi, lisifanane na lile la kwanza. Sahihi ya Mwanaheri nimeijaribu mara ishirini. Ile M ya mwanzo bado inanishinda, inatoka kama mlima, lakini mpaka Jumatatu itakuwa imekaa sawa.