Mgongo wa Mama Mkwe na Maduka Yangu Manne

Jumatatu, 8 Mei

Kuna mwizi sokoni. Duka moja la mtandaoni, linajiita WOQFEZ, linauza vijiti vya mianzi vya kukunia mgongo sawasawa na vyangu, kwa bei iliyo chini ya yangu. Nikishusha, linashusha. Nimeshusha mara tatu kabla ya chai, nalo mara tatu. Mtu wa namna hii sijui alilelewa na nani.

Nina maduka manne katika soko hilohilo. Soko linaruhusu duka moja kwa mtu mmoja, kwa hiyo mimi ni watu wanne. La kwanza liko kwa jina langu, Zhuang Peisheng. La pili kwa jina la mke wangu, Yanru. La tatu la mama mkwe. La nne la shemeji yangu wa Dongguan. Kila duka lina kompyuta yake na laini yake ya intaneti, na kompyuta hizo hazisalimiani, soko lisije likajua kwamba ni ndugu. Hapa mtaani kwetu Bantian wote tunafanya hivyo. Anayekuapia kwamba hafanyi, ujue ana sita.

Namshuku Kuang Rongfa wa mlango wa pili. Mtu wa Hunan, anakula pilipili asubuhi, naye anauza vijiti. Leo kwenye lifti ameniuliza, "Bosi, mbona umekonda?" Huyohuyo!

Wakati wa uji mama mkwe ameuliza tena habari za duka lake. Amekuja toka Shantou na sanduku zima la vitambaa vya meza alivyodarizi kwa mkono. Tangu usichana wake amedarizia kiwanda, kazi zake zikaenda ng'ambo na nembo za watu wengine. Sasa macho yanaanza kumwacha, na kabla hayajamwacha kabisa anataka duka moja tu lenye jina lake. Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Sikumwambia kwamba duka analo tayari, na linauza vijiti.

Jumanne, 9 Mei

Nimempata! Nimefungua picha ya WOQFEZ nikaikuza. Huo ni mgongo wa mama mkwe. Blauzi ya maua, bangili ya kijani, kijiti kimeingia kolani. Picha hiyo niliipiga mwenyewe sebuleni sikukuu ya Mwaka Mpya, naye akilalamika kwamba dirisha liko wazi. Mtu ametuibia mgongo wa familia.

Na hilo jina, WOQFEZ, ni la ovyo hata kwa viwango vyetu. Ni kweli hapa sote tunabonyeza herufi bila mpango, kwa sababu jina lisilo na maana halifanani na la mtu na hupitishwa upesi kuwa nembo. Mimi hufumba macho kabisa. Lakini majina yangu yana heshima fulani.

Nimepeleka mashtaka sokoni kupitia duka la kwanza, pamoja na picha halisi kutoka kwenye simu yangu. Nimeandika kwamba nimeumizwa kama mfanyabiashara na kama mkwe.

Jioni nimemwambia Kuang koridoni kwamba siku za wezi zinahesabika. Akakubali kwa moyo wote. Akasema juzi ameibiwa kandambili mlangoni. Mjanja sana, huyu.

Jumatano, 10 Mei

WOQFEZ limefungwa. Soko limenipa haki yangu yote. Nimenunua kimanda cha chaza, nikachemsha chai, nikamkaribisha Kuang ili nione uso wake anapokunywa chai ya kushindwa.

Alikunywa vikombe vitatu na kusifu majani. Nikamdokezea habari za WOQFEZ. Akapiga paja. Akasema, "Afadhali, bosi! Hilo duka lilinitoa roho." Kumbe vijiti ameviacha tangu mwezi uliopita, sasa anauza kofia za paka. Akanionyesha paka mwenye kofia.

Mama mkwe alimuuliza kama kofia hizo zimedariziwa. Kuang akasema zimegundishwa tu. Mama mkwe akamhurumia paka.

Sasa kama si Kuang, ni nani?

Alhamisi, 11 Mei

Ni mimi.

Kompyuta ya tatu nilikuwa nimeifunika taulo kwa ajili ya vumbi. Duka lake lilikuwa linajiuzia lenyewe, sikuona haja ya kulisumbua. Leo nimefunua taulo nitafute chaja. Ujumbe mwekundu umejaa kioo: duka lako WOQFEZ limefungwa kwa wizi wa picha. Mwenye duka, Xu Suqin. Mama mkwe wangu.

Programu ya kupanga bei, ile inayokaa chini kidogo ya mshindani wa karibu, niliiweka kwenye kompyuta ya kwanza. Na ya tatu pia. Zimekuwa zikishushiana bei kwa wiki mbili, na mimi nashangilia kila upande unapouza. Nimejishtaki mwenyewe nikashinda kesi.

Nilikaa sakafuni muda mrefu. Yanru alipita akauliza kama naumwa mgongo.

Soko linasema duka litafunguliwa iwapo mwenye duka atajitokeza kwa video, akiwa na kitambulisho, na kueleza biashara yake. Akishindwa, jina lake linafungiwa moja kwa moja. Hatafungua duka tena hapo maisha yake yote. Nimesoma sentensi hiyo na moyo ukanishuka, maana yeye anachotaka duniani ni hicho kimoja.

Lakini nimepata akili. Nimemwambia kwamba kesho afisa atapiga simu kuhusu kufunguliwa kwa duka lake. Hakuna neno la uongo hapo, hata moja. Nikamwomba akubali kila atakachoulizwa, mimi nitakuwa karibu.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema alikuwa ameanza kudhani namzungusha. Kisha akaenda saluni. Yanru ameniuliza kwa nini mama yake anaimba. Nimesema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 12 Mei

Nitaandika kwa ufupi.

Mama mkwe alivaa blauzi nyekundu. Nyuma yake alitundika kitambaa chake kikubwa, chenye maua ya peoni, kilichomchukua misimu miwili ya baridi. Mimi nilijificha chini ya meza nimnong'oneze majibu.

Afisa, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akamsalimu na kumwita mama. Akauliza kama duka ni lake. Mama mkwe akasema ndiyo, na sauti yake ilijaa. Binti akauliza linauza nini. Nilinong'ona, vijiti. Nikanong'ona tena. Mama mkwe akasema vitambaa vya meza, vya kudarizi kwa mkono, sindano yake mwenyewe, hakuna mashine hata mahali pamoja, na kama binti ana mchumba atamfanyia bei nzuri.

Binti akasema pole, mama, hapa naona vijiti vya kukunia mgongo. Mama mkwe akacheka kwa adabu. Akasema hivyo ni vya mkwe wake.

Binti akauliza nani anaongea chini ya meza. Mama mkwe, ambaye hajawahi kudanganya mtu anayemwita mama, akajibu, "Ni yeye huyo mkwe wangu. Peisheng, toka umsalimie mwenzio."

Nikatoka. Binti akaniomba jina kamili. Na mimi, sijui ni malezi au ni woga, nikalitaja, na kwa uwazi kabisa.

Jumamosi, 13 Mei

Maduka yote manne yamefungwa. Jina langu, jina la Yanru, jina la mama mkwe, jina la shemeji. Soko limesema sisi ni ndugu. Makasha ya vijiti yamekwama ng'ambo, kwenye ghala la New Jersey, na siruhusiwi kuyagusa. Shemeji amepiga simu kutoka Dongguan kuuliza amefanya kosa gani. Nimemwambia ni mtandao.

Barua ya mama mkwe ilikuwa na neno moja la ziada: daima. Yanru alimsomea mwenyewe, mimi nikiwa mlangoni.

Hakunipigia kelele. Ningefurahi angepiga. Aliuliza tu kama ina maana jina lake limechafuka. Yanru akasema ndiyo, mama. Akaondoa kitambaa cha peoni ukutani, akakikunja kwa mistari yake ya zamani, akakirudisha sandukuni. Akasema kiwandani walau hakuna aliyelitumia jina lake, waliliacha tu.

Nimeumia. Nasema ukweli, nimeumia sana. Nimelala kochini, ingawa hakuna aliyeniambia.

Jumapili, 14 Mei

Siku ya Mama. Tumemsindikiza mama mkwe stesheni. Nilibeba sanduku. Kwenye geti abiria hugusisha kitambulisho ili mlango ufunguke, naye alisita, akanitazama, kana kwamba huenda geti nalo limemkataa. Likafunguka.

Yanru hajanisemesha tangu stesheni. Kuang ametuletea kofia ya paka kutupa pole. Hatuna paka.

Alhamisi, 18 Mei

Mama mkwe amepiga simu! Hakuniomba mimi, alimwomba Yanru, lakini Yanru hajui mambo haya na simu ikanifikia. Dada yake mdogo, Baozhu, amekubali kumwazima jina. Vitambaa vitauzwa kwa jina la Baozhu. Mama mkwe alisema amezoea, ni kama kiwandani tu, ila mwenye jina sasa ni wa damu yake. Ana ombi moja: nembo ya duka iwe Suqin. Herufi tano tu. Nikaapa.

Yanru akachukua simu akaniambia, "Vitambaa peke yake, Peisheng. Umenisikia?" Nimemsikia.

Picha ya kitambulisho cha mama mdogo Baozhu imefika alasiri. Miaka sitini na tatu, hajawahi kununua hata soksi mtandaoni. Jina safi kabisa. Nilikitazama kitambulisho hicho kwa muda na nguvu zikaanza kunirudia.

Nimenunua kompyuta nyingine na laini nyingine. Nimefungua maombi. Nimejaza Suqin, na mfumo ukajibu kwamba majina kama hilo yako mengi, subiri miezi kadhaa. Miezi! Na vitambaa vyenyewe ni ishirini tu, duka litaonekana tupu. Pembeni panaweza kukaa vijiti vichache, kwa muda tu, wala havitayaziba maua. Nina picha nzuri ya mgongo.

Kwa hiyo nimefuta Suqin, nikafumba macho, nikabonyeza herufi sita. Limepita papo hapo. Sasa nataka kuliandika hapa na nimeshalisahau.