Uso Rasmi wa Ngiri

"Nchi nzima hakuna anayenifikia kwa kukausha wanyama," Mama Pamba alipenda kujisifu, na kabla hujamsuta alijimalizia mwenyewe: "Maana tuko mmoja tu."

Basi likabandikwa tangazo kwenye kila mlango wa Idara ya Wanyama, hata wa choo. Mkurugenzi, akiwa peke yake Jumapili, alikabiliwa na mnyama hatari, akamshinda ana kwa ana kwa risasi moja. Mnyama huyo atakaushwa, ajazwe, asimamishwe ukumbini. Waziri atamzindua Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Mama Pamba akaletewa mnyama kwenye turubai. Alikuwa ngiri. Tena si mkubwa.

Alifuatana na Waraka Namba Tisa. Kamati ya Nyuso ilikuwa imekaa siku mbili, ikaamua ngiri aoneshe "majuto yenye heshima kwa mamlaka". Aidha, kitu chochote kitakachotolewa mwilini kiwekwe hadharani, na kilipotoka paandikwe. Mkurugenzi alitaka watu waione risasi yake.

Mama Pamba alikuwa ananoa kisu pale mtoto wa kaka yake, dereva wa idara, alipoingia amenywea.

"Shangazi, mimi ndio basi tena. Nimesimamishwa. Eti nimezembea mpaka wezi wakaiba taa ya nyuma ya gari. Ijumaa hiyohiyo wananifukuza."

"Kwani gari ulikuwa nalo wewe?"

"Nililikabidhi Jumamosi, taa zote zinawaka! Jumapili kaendesha mwenyewe Mkurugenzi. Nani ataniamini?"

"Kunywa maji, mwanangu. Na uondoke juu ya gunia langu la chumvi, hilo si kiti."

Akamchuna ngiri. Akakwangua mafuta, akageuza masikio ndani nje kama soksi, akaipaka ngozi chumvi. Risasi aliikuta kwenye paji la uso, pembeni hamna hata tone la damu, kama aliyepigwa alikuwa ameshajifia zamani. Kwenye tako la kushoto kisu kikagonga kitu. Akavuta. Kipande cha plastiki nyekundu, kipana kama kiganja.

Akakitazama. Akamtazama dereva.

"Shangazi, hicho si..."

"Sijui ni nini. Mimi nimeishia darasa la saba. Waraka umesema kiwekwe hadharani, nitabishana na muhuri?"

Kilichomtesa ni kuufinyanga uso kwa udongo. Ngiri na majuto ni wapi na wapi? Mara ya kwanza alitoka amesinzia. Mara ya pili, anaumwa jino. Mara ya tatu alifanana na mwenyekiti wa kamati, ikabidi afumuliwe haraka. Ijumaa ilifika udongo wa nyusi bado mbichi.

"Nilisimama hivi," Mkurugenzi alimweleza Waziri, kifua mbele. "Naye akanijia. Macho kwa macho!"

Waziri akainamia meza ya vitu vilivyotolewa, akasoma vibandiko. Risasi: paji la uso. Kitu chekundu: tako la kushoto.

"Na hiki?"

"Hicho... ni jicho, Mheshimiwa. Wakikasirika huwa mekundu."

"La tako?" akauliza Waziri.

Mama Pamba akakohoa kwa adabu. "Macho niliyaagiza mimi, ni ya kahawia. Hicho labda dereva anakijua."

Wakatoka uani wote. Dereva akakipachika kile kipande nyuma ya gari. Kikaingia kama jino kwenye ufizi wake.

"Taa iliibiwa!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Niliandika ripoti!"

"Nimeisoma," Waziri akasema, huku akimrudishia dereva ufunguo. "Kwa hiyo mwizi ni ngiri? Akakujia ana kwa ana, wewe ukiwa unarudi kinyumenyume?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Nyusi zikapanda, mashavu yakashuka.

Mama Pamba alikuwa ameshachomoa bonge la udongo mfukoni.

"Tulia hapohapo, baba, usifunge mdomo," akasema. "Kamati imeutafuta uso huo siku mbili."