Suruali Iliyobaki Chini ya Kifaru

Leo nimevuliwa nguo mbele ya masakwa wangu, saa saba mchana, jua likiwaka. Sitaficha majina. Walioniletea hii aibu ni wawili: Wanjala fundi wa Kitale, na mdomo wangu.

Kwa wale hamnijui vizuri humu, mimi ni yule mzee wa mguu wa vyuma. Zamani nilikuwa na pikapu aina ya Nyati. Tairodi ikaisha, kile chuma cha kugeuza magurudumu. Wanjala akaniambia, "Mzee, weka ya Kifaru. Nyati na Kifaru ni ndugu. Chasi ni moja, wamebadilishiwa uso tu." Nikaweka. Kwa mteremko wa Kamukuywa ikakatika. Pikapu ikaingia kwa mahindi ya watu, mimi nikaingia kwa kisu cha daktari. (Wanjala alikuja hospitali kuniona na ndizi. Akazikula mwenyewe.)

Tangu hapo siwezi kuona gari ninyamaze. Lazima nijue imeundwa wapi na chasi ni ya nani. Kila jioni tuko gereji tukibishana: Kifaru ya mwaka ujao itatoka Japani ama Thailand? Ama italetwa vipande ifungwe Mombasa? Wanjala ana ukurasa alikata kwa gazeti, picha ya gari mpya imefunikwa turubai, magurudumu tu ndiyo yanaonekana. Hiyo turubai tumeibishania mwezi mzima!

Sasa leo. Kijana wangu Protus anataka kuoa. Msichana ni mwalimu wa nasari, watu wao wako upande wa Myanga. Protus ashakataliwa boma mbili. Akaniambia, "Baba, na hii ikiharibika naenda Mombasa, hamtaniona tena." Kwa hivyo nilijua uzito wa hii safari.

Suti sina. Wanjala akaniazima yake. Wanjala amejaa kama gunia la mahindi, mimi ni fito. Nikatoboa mshipi tundu mpya na msumari, suruali ikakaa. Kidogo.

Ndugu yangu Simiyu, ndiye msemaji wetu, akanishika bega kabla tutoke Kitale. "Leo wewe ni baba ya kijana. Ukae, ukule, unyamaze. Neno gari nisilisikie."

"Hata nikiulizwa?"

"Hata ukigongwa na moja!"

Tukafika Bungoma. Na nani anatungoja stegi ya matatu? Mukhwana, mjomba wa msichana, na Kifaru mpya! Nailoni za viti hata hazijatolewa. "Karibuni wageni," akasema. "Hii ni ya Japani moja kwa moja, bana." Nikauma ulimi. Njia yote nasikia mlio chini ya miguu yangu. Ni ule ule wa Nyati yangu, siku ile. Mguu ukaanza kuniwasha.

Nyumbani kwa kina msichana tukawekwa kwa hema. Mukhwana akaegesha Kifaru mbele yetu kabisa, ndiyo hata asiyetaka aione. Wazee wa boma wako ndani wanaulizana, sisi tunangoja. Nusu saa. Saa nzima. Mukhwana anapangusa boneti na kitambaa, anarudi kukaa, anaenda kupangusa tena.

"Na ile ya mwaka ujao," akasema, "itaundwa Japani pia. Nishaambiwa."

"Hapana," nikasema.

Simiyu akanipiga teke. Kwa ule mguu wangu wa vyuma.

"Hapana nini, mzee?" Mukhwana akauliza.

"Hata hii si ya Japani. Ni Thailand. Na chini ni Nyati, wamebadilisha uso tu." (Mnasikia? Maneno ya Wanjala, yametoka kwa mdomo wangu!)

"Ati nimedanganywa? Mimi?"

"Kuna kibati kwa chasi, upande wa dereva. Kimeandikwa. Si tuangalie?"

"Angalia!"

Simiyu alisema, "Ndugu yangu, nakuomba." Nilikuwa nishavua koti.

Nikaingia chini ya gari kwa mgongo, upande wa abiria, nikajisukuma mpaka kichwa kikatokea karibu na mlango wa dereva. Kibati nikakipata. Miwani iko Kitale. Nikapapasa maandishi na kidole kama mtu anatafuta kupe. Wapi! Nikanyoosha mkono kwa tairodi. Ni ile! Ile ile iliyonivunja!

"Nyati!" nikapiga kelele. "Hii ni Nyati!"

Nikasikia wimbo. Wanawake walikuwa wanatoka jikoni, na mbele yao masakwa wangu, mama ya msichana, anakuja kutusalimia.

Kwa wale si wa kwetu: masakwa ni mzazi mwenzako wa upande ule mwingine. Mnaheshimiana na kuogopana. Mkono wake huushiki ovyo, karibu naye huketi. Sasa fikiria akukute chini ya gari.

Simiyu akakimbia akazunguka, akanishika kwapa, akavuta. Kitu kikanishika kwa kiuno.

"Ngoja!"

"Ningoje nini, wamefika!"

Akavuta kama mtu anatoa ndama. Lile tundu la msumari likapasuka. Mimi nikatoka. Suruali ya Wanjala haikutoka.

Nikasimama haraka. Ndani nilikuwa na bukta ya manjano ya Protus, ya michezo, tangu akiwa primary. Nikageuka nisione macho ya masakwa. Hapo ndipo nilijimaliza, kwa sababu nyuma imeandikwa MALI YA SHULE.

Wimbo ukakatika. Sinia ya vikombe ikaanguka. Nyanya mmoja akanirushia leso ya kujifunga kwa mbali, kama mtu anazima moto.

Mzee wa boma akatoka. "Masakwa ameona kisichoonwa. Leo hakuna maneno tena. Mrudi na kondoo, tusafishe hii, halafu tutaongea." Haki yake.

Mukhwana naye, "Sasa, kibati kinasema wapi?"

Sikuwa nimesoma.

Akaturudisha stegi hivyo hivyo, amenuna. Hakuna mtu alitaka kuingia chini kutoa suruali. Mguu mmoja ulikuwa unaburuta. Tulipopita sokoni Myanga watu wakaanza kutukimbilia: "Simama! Umekanyaga mtu!" Akasimama. Watu wakainama, wakaona suruali. Halafu wakaniona mimi na leso. (Sina la kuongeza.)

Nimerudi Kitale, nikapitia kwa Wanjala. Nilifikiri atauliza suti. "Tairodi ni moja?" akauliza.

"Ni moja."

"Si nilikwambia!"

Huyu mtu alinivunja mguu, leo amenivua suruali, na bado ndiye anajua! Nimekuja hapa saiba, kwa kompyuta za kulipia, kuwaandikia na kidole kimoja, leso bado iko kiunoni.

Sasa hivi Protus amenipigia simu. Nilijua ananiaga. Kumbe masakwa ametuma neno: tangu tuondoke hajaweza kuketi kwa kicheko, na binti yake akienda boma lenye mzee kama huyo hatanuna. Turudi na kondoo. Lakini nivae mshipi wangu mwenyewe, na siku hiyo Kifaru italala kwa jirani.

Kwa hivyo msicheke. Na kama kuna anayejua ile ya mwaka ujao itaundwa wapi, aandike hapa chini upesi, kabla sijainama tena.