Asiyepungua Arudishiwe Pesa

Patrobas Nabiswa alipata wazo lake kubwa la mwaka 1985 akiwa amesimama nyuma ya pazia la zahanati moja mtaani Umoja. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amemuuzia mwalimu mmoja redio, na asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amegundua kwamba ndani ya redio hamna redio. Mwalimu alikuwa akipita barabarani akimwulizia kwa watu, na Patrobas, mtu mwenye kuheshimu elimu, akampisha njia.

Upande wa pili wa pazia daktari alikuwa akimsomea mtu hukumu.

“Bwana Bedan, una kilo mia moja na nne. Presha yako sitaki hata kuitaja. Ukiiona Krismasi na kitambi hiki, utakuwa umebahatika.”

“Nifanye nini, daktari?”

“Tembea. Punguza nyama. Huna likizo?”

“Mwezi wa nane. Wiki mbili.”

“Basi likizo hiyo iende kwa miguu. Wazungu wanatoka kwao wanakuja kutembea pwani yetu, wanapungua, wanarudi. Wewe pwani ni yako na hujawahi kuiona.”

Wapo watu ambao wakisikia habari za ugonjwa huingiwa na huruma. Patrobas aliingiwa na mpango.

Jumapili iliyofuata, waumini walipotoka kanisani walimkuta langoni amevaa fulana nyeupe, soksi nyeupe za kufika magotini na filimbi shingoni. Mbele yake palikuwa na mizani ya bafuni, ambayo jinsi alivyoipata ni habari ya nyumba nyingine, Westlands. Kando yake kibao: KOCHA PATROBAS. PIMA UZITO BURE. Mizani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Kitambaa kile kilikuwa na kazi. Kwa chini, mizani ilikuwa na kigurudumu cha kurekebisha mshale, na Patrobas alikuwa amekizungusha mpaka mshale ukasimama kwenye tisa kabla ya mtu kupanda. Kwa hiyo kila aliyepanda alianza na kilo tisa ambazo hakuzaliwa nazo wala hakuzila. Kitambaa kiliondolewa mtu akishapanda, na kikarudishwa kabla hajashuka. “Kwa heshima ya mwili,” alieleza Kocha, na wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kukubali.

Bedan akapanda. Mshale ukaenda mia moja na kumi na tatu.

“Lakini Jumatano nilikuwa mia na nne!”

“Jumatano,” Kocha alisema kwa upole. “Na leo ni Jumapili.”

Bedan alikuwa karani katika kiwanda cha blanketi kule Baba Dogo, mtu ambaye katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuandika sifuri mahali isipofaa. Hakujua kwamba dunia ina watu wanaoandika tisa bila sababu. Alikaa kwenye ngazi za kanisa akashika kichwa.

Ndipo Kocha alipoitangaza dawa. Likizo ya kutembea ufuoni, kutoka Malindi mpaka Mombasa, siku kumi, kilomita mia na ushei. Hoteli za kitalii. Chakula cha kitaalamu. “Na asiyepungua kilo tano,” alipaza sauti, “arudishiwe pesa yake yote!”

Angeweza kuahidi hata kilo nane. Siku ya mwisho angekirudisha kigurudumu kwenye sifuri, na kilo tisa zingeanguka zenyewe, hata kama mteja angetembea huku anakula.

Bedan alijiandikisha wa kwanza. Wa pili alikuwa Wacera, muuza mboga, ambaye dada yake alikuwa anaolewa mwezi wa kumi na moja na gauni la msimamizi lilikuwa limeshashonwa, bila kumwuliza. Wa tatu aliingoja foleni iishe. Huyu aliitwa Mama Koki, mjane mwenye bucha pale sokoni, mwanamke mpana, mtulivu, mwenye mikono ya kufungulia mlango wa chuma.

“Toa kitambaa kwanza,” alisema.

“Mama, utaratibu wetu ni—”

“Haya, utaratibu.” Akapanda. Mia moja na tano. Alishuka polepole akamtazama Kocha kwa kitambo, vile anavyomtazama ng'ombe aliyeletwa machinjioni kwa maelezo kwamba bado ni mchanga.

“Iandike hiyo ya kurudishiwa pesa,” alisema.

“Mama Koki, neno langu—”

“Neno lako ndilo nataka uliandike. Chakula na malazi juu yako. Na asiyepungua, umlipie pia basi la kurudi.”

Mtu mwenye hofu angesita. Patrobas hakuwa na hofu, alikuwa na kigurudumu. Akaandika yote, akatia sahihi, mchungaji akashuhudia, na Mama Koki akaikunja karatasi akaitia kifuani, mahali ambapo karatasi ikiingia haitoki bila ruhusa. Waumini wengine walisema wangojee kwanza waone kama hao watatu watarudi.

Walianza Malindi Jumatatu alfajiri, maji yakiwa yametoka na mchanga umekaza. Patrobas alikuwa na begi lenye mizani, na mguuni alikuwa na viatu vya raizoni, vyenye visigino vya inchi tatu, ambavyo mtindo wake ulikufa tangu miaka ya sabini. Kufikia saa nne alikuwa amevivua. Kufikia saa sita alikuwa amejua kwamba mchanga wa pwani una joto lake, na kwamba joto hilo halina undugu na mtu.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na ubao mweusi na madawati thelathini.

“Hii ni shule,” alisema Wacera.

“Ni hoteli ya mtindo wa kielimu,” alisema Kocha. “Watalii wanaipenda sana.”

Chakula cha kitaalamu kilikuwa muhogo wa kuchemsha na chai isiyo na sukari. Asubuhi muhogo, jioni muhogo, na mchana maelezo kuhusu muhogo. Pesa ya hoteli ilibaki salama kwenye mkanda aliojifunga ndani ya fulana, na kila alipokanyaga gamba la konokono alijipapasa pale mkandani akapata nafuu.

Siku ya nne, kusini ya Watamu, walikata njia kupitia mikoko. Kocha alikuwa ameambiwa ni njia fupi, na ilikuwa fupi kweli, ila ilikuwa ya tope. Katikati yake Bedan aliketi. Hakuanguka, aliketi tu, kama mtu aliyefika nyumbani.

“Nyinyi nendeni,” alisema. “Mwambieni mke wangu blanketi mpya ziko juu ya kabati.”

“Bwana Bedan, maji yanajaa,” alisema Kocha.

“Nayaona.”

Patrobas aliyatazama maji, akamtazama Bedan. Ndani ya mapatano hapakuwa na neno lolote kuhusu mteja kufa, na mchungaji alikuwa shahidi. Alilivaa begi la Bedan juu ya lake, akamshika mkono akamvuta. Walitoka kwenye tope hatua moja moja, kwa muda wa saa nzima, Kocha akihesabu kwa sauti na Bedan akiitikia kama anajibu litania. Walipofika penye mchanga mkavu Bedan hakuuachia ule mkono.

“Kocha,” alisema akihema, “watu wameniambia nipungue tangu nilipokuwa kijana. Hakuna aliyewahi kunibebea begi.”

Patrobas alisikia kitu kikimsonga kifuani. Alidhani ni muhogo.

Baada ya siku ile Bedan alibadilika. Walivuka Kilifi kwa feri, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka. Alitembea mbele akiimba nyimbo za kanisa, suruali ameifunga kwa kamba ya katani kwa sababu mshipi ulikuwa umeishiwa matundu. Wacera alijifunza kutofautisha kaa mwenye hasira na asiye na hasira. Mama Koki alitembea mwendo wake mmoja tu, hauongezeki wala haupungui, na kila jioni aliuliza swali lilelile:

“Kocha, mizani haijalowa?”

“Haijalowa, mama.”

“Uitunze.”

Siku ya kumi walifika Nyali, kwenye kibanda cha chai cha Mumina, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya pili. Wacera akaenda kuogelea. Patrobas akainama nyuma ya kibanda, akakizungusha kigurudumu mpaka mshale ukalala juu ya sifuri, akaifunika kwa kitambaa, akaileta mizani mbele akaiweka juu ya ubao. Miguu yake ilikuwa malengelenge matupu, lakini moyo ulikuwa mweupe. Mkandani alikuwa na pesa ya miezi sita.

“Mamaaa! Nakufa!” Ilikuwa sauti ya Wacera kutoka majini.

Kocha alitimua mbio, filimbi mdomoni. Aliyezama hapimiki. Alijitosa na soksi zake, akamkuta Wacera amesimama, maji yamemfika magotini.

“Nilidhani ni samaki,” alisema Wacera.

“Na alikuwa nini?”

“Alikuwa mguu wangu.”

Kwa muda huo wote Mama Koki alibaki peke yake na mizani, maana Bedan alikuwa ndani akinawa. Haukuwa muda mrefu. Ulikuwa muda wa kukata ubavu mmoja.

Kila mtu akakusanyika. Mumina akaombwa awe shahidi, akasogea na kijiko chake. Bedan akapanda, amenyoosha mgongo kama bwana arusi, na Kocha akakivuta kitambaa kwa madaha.

Mia moja na kumi na tisa.

Bedan akainama kuusoma mshale mwenyewe.

“Nimeongeza?” Bedan aliuliza kwa sauti ndogo. “Nimekula muhogo siku kumi, nikaongeza?”

“Shuka, upande tena,” alisema Kocha.

Bedan akashuka, na hapo Patrobas akauona mshale. Mizani haikuwa na mtu, na mshale ulikuwa umesimama kwenye ishirini. Mkono wake, kwa mazoea ya kazi, uliufunika haraka kwa kitambaa.

“Mizani imeharibika!” alisema.

“Imeharibika?” Mama Koki alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Imeharibika leo, Kocha, au ilikuwa imeharibika na kule Umoja? Toa kitambaa tuangalie pamoja. Huyu Mumina nduguye ni polisi, ameniambia. Tumwite naye aangalie.”

Patrobas alimtazama. Alikuwa ametapeli wauza magari, manabii wawili na karani wa mahakama, na kwa mara ya kwanza akajua walivyokuwa wakijisikia. Akisema kwamba mtu amekigusa kigurudumu, itabidi aeleze kigurudumu ni nini.

“Mizani ni nzima,” alisema.

“Nilidhani hivyo,” alisema Mama Koki, akapanda. Mia na kumi na mbili. Wacera akapanda, mia na tano kutoka tisini na saba, akapiga ukelele uliofanywa vizuri kupita ule wa majini. Mama Koki akatoa karatasi kifuani, Mumina akaisoma kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na Patrobas akaingiza mkono ndani ya fulana akaufungua mkanda. Nauli ya basi aliitoa kwenye soksi, ikiwa imelowa.

Walimwacha kwenye benchi la Mumina akila mahamri. Bedan alirudi kumpa mkono. “Pole, Kocha. Wewe ulijitahidi,” alisema, na alikuwa anasema kweli.

Basi liliondoka saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata. Mpaka Voi Bedan alikuwa amegeukia dirisha, na Wacera ndiye aliyeona kwamba analia.

“Kilo sita,” alisema Bedan. “Daktari alisema sitaiona Krismasi. Sasa hata Jamhuri sitaiona.”

Mama Koki akafungua mkoba, akaufunga. Hakuwa amekusudia kusema.

“Bedan, hiyo suruali umeifunga na nini?”

“Kamba.”

“Mtu anayenenepa hufunga suruali kwa kamba?”

Bedan aliitazama ile kamba. Kisha Mama Koki akamweleza yote: kilo tisa za Umoja, ishirini za Nyali, kigurudumu na samaki wa Wacera. Alimfanyia hesabu: uzito wake wa kweli ulikuwa kilo tisini na tisa. Bedan alizipiga hesabu hizo mara mbili kwenye kiganja, kwa kidole, na uso wake ukafunguka. Halafu ukajikunja tena, maana alikuwa mhazini wa kanisa.

“Basi nimepungua tano! Pesa ni ya Kocha. Dereva! Simamisha gari!”

“Kaa chini,” alisema Mama Koki. “Ulilala juu ya dawati siku kumi. Hiyo ndiyo hoteli uliyolipia?”

Bedan akakaa. Alifikiri mpaka basi likasimama Mtito Andei watu washuke wale. Yeye hakushuka.

“Lakini, Mama Koki, sisi sote tulipanda ile mizani. Mchungaji alipanda. Wewe peke yako ulijuaje?”

Mama Koki akafungua tena mkoba, akatoa ndizi.

“Umenunua nyama kwangu miaka mingapi?”

“Sita.”

“Kilo mbili kila Jumamosi, kwa mizani yangu.”

“Kila Jumamosi.”

“Na daktari alikwambia upunguze nyama?”

“Ndiyo.”

“Basi mimi,” alisema Mama Koki, akimpa ndizi, “nilianza kukupunguzia zamani.”