Damu ya Mtoto wa Fundi Saa

Siku fundi saa alipozikwa, aliyelia kuliko wote alikuwa Sukari, ambaye hakuwahi kumwona marehemu akiwa hai. Alilia huku jicho moja likikagua duka la marehemu, lililokaa kona nzuri ya barabara kuu. Alishasikia kwamba fundi hakuacha mtoto. Akaona ni dhuluma duka kama lile kukosa mrithi.

"Mama," akamnong'oneza mjane, "mimi ni mtoto wa nje, lakini ni damu yake."

Mjane akamtazama pua, akamtazama viatu. "Karibu, mwanangu. Twende maabara tukahakikishe. Mume wangu alikuwa kundi O. Nawe ukiwa O, duka lako."

Sukari alikuwa B, na alijua. Muungwana angekata tamaa. Yeye alimtafuta mpagazi wa sokoni mwenye kundi O, akamnunulia suruali mpya, akamtuma asubuhi akatolewe damu kwa jina lake.

Mchana akafuatana na mjane kusikiliza majibu. Mama mpimaji akadondosha damu ya asubuhi mara mbili kwenye kigae cheupe.

"Hapa naongeza kingamwili za kushika antijeni A, yaani alama ya kundi A, hapa za kushika B. Chembe za damu zikiwa na antijeni hiyo, zitashikana mabonge kama maziwa yaliyokatika."

Akatikisa kigae. Damu ikabaki laini kote.

"O!" Sukari akaruka. "Baba yangu jamani!" Akalia tena, maana machozi ya msibani yalikuwa yamebaki.

Mpimaji akamgeukia mjane. "Lakini dada, marehemu si alikuwa akichangia damu hapa? Yule alikuwa AB."

"Ndiyo."

"Basi mtoto wake lazima arithi A au B. Huyu hana hata moja. Si mwanawe."

Sukari akageuka. "Mama, si ulisema O?"

"Nilisema, mwanangu. Nilitaka kuona utaitoa wapi."

"Mimi ni B! Nipimeni tena!"

"Wewe ni B?" Mpimaji akainua chupa. "Na hii ni ya nani?"

Sukari aliondoka bila kuaga. Mpagazi alibaki na suruali, na ilimkaa vizuri.

Siku hizi mjane hufungua duka mwenyewe. Saa za ukutani anazitia ufunguo kila asubuhi. Ile ambayo mumewe aliiacha mezani, imefunguliwa nusu, hajaigusa.