Mfumo Mpya, Harusi ya Marudio

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedharauliwa mbele ya mteja. Tabasamu, yule mpiga picha wa mlango wa pili, aliingia studioni kwangu kuazima mkasi, akaitazama kompyuta yangu ikijikongoja kuwaka, akauliza kwa sauti ya msibani kama bado natumia mfumo ule wa zamani. Yeye kahamia mfumo mwingine kabisa. Wa bure, wa kasi, hauingiwi na virusi, wataalamu wote wako huko. Mteja akamwangalia yeye kwa heshima, mimi kwa huruma. Kisha akatoka naye!

Nitahama. Tena nitahamia toleo jipya kuliko lake. Mke wangu kasema kwanza nimalize picha za harusi ya mdogo wake, maana shemeji anarudi kutoka fungate wiki hii na ataziulizia. Nimemjibu kuwa harusi nzuri kama ile haistahili kupambwa kwa kompyuta ya kizamani. Akaguna. Naujua ule mguno, ila sikuwa na muda nao.

Jumanne, 4 Machi

Nimesakinisha mwenyewe. Maswali kama ya afisa uhamiaji! Nikawa nabonyeza tu: Ndiyo, Endelea, Ndiyo. Mtu mzima hasomi maandishi madogo. Kuna dirisha moja lilikuja na alama kubwa ya mshangao. Nikadhani linanipongeza. Ndiyo.

Imewaka. Inapendeza! Skrini ya zambarau, safi, tulivu, haina kitu. Nimemwita Tabasamu aone. Kasifia, kisha akauliza mafaili yangu niliyahifadhi wapi kabla ya kuhama. Nikacheka. Nikamwambia yamo humohumo. Akacheka pia, ila yeye alichelewa kuacha.

Jumatano, 5 Machi

Hayamo humohumo.

Nimepekua kila pembe ya mashine hii. Folda ya Picha, tupu. Folda ya Nyaraka, tupu. Hata kapu la takataka tupu. Takataka zangu nazo zimeondoka! Harusi nzima ya shemeji imekwenda, kuanzia bibi harusi akipambwa mpaka wajomba wakigombania viti. Kadi ya kamera nilishaifuta zamani nipate nafasi ya picha za vitambulisho.

Printa nayo inajifanya haijawahi kuniona. Na kibodi, sijui nimeichagulia lugha ya nani. Nikibonyeza A inatoka Q. Nilianza kuandika tangazo la mlangoni kwamba tumehamia mfumo wa kisasa. Limesomeka kama mtu anayekabwa koo.

Mke wangu kauliza picha zinaendeleaje. Nimesema ziko jikoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata njia! Nimewaita shemeji, mumewe na mama mkwe, nikawaeleza kwa uso wa kitaalamu kwamba mfumo mpya una viwango vya juu mno na picha za harusi hazijavifikia. Itabidi turudie kidogo.

Bwana harusi akauliza, "Turudie kuoana?"

Nikasema picha tu. Shemeji akaanza kununa. Aliyeniokoa ni mama mkwe. Gauni la siku ile lilimbana kiunoni, na sasa ana jipya. "Hapo umesema, mwanangu," akatamka, "picha zirudiwe." Sijawahi kumpenda kiasi hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi imefanyika upya studioni. Suti ya kukodi ilisharudishwa, kwa hiyo bwana harusi alivaa koti langu, mikono ikaishia karibu na viwiko. Keki ilikuwa ndoo niliyoivisha shuka. Maharusi walikuwa wamegombana asubuhi kwa sababu ya mswaki. Nikiwaambia watazamane kwa mahaba, wanatazamana kama mashahidi wa pande mbili. Mama mkwe kila picha yuko mbele. Dirishani, Tabasamu anajifuta machozi ya kicheko.

Haidhuru. Picha zilipatikana! Nikachomeka kadi kwenye kompyuta, wote wamesimama nyuma yangu. Kompyuta ikasema haiifahamu kadi hii, je, iiandae upya? Nani anakataa maandalizi? Ndiyo.

Kadi ikaandaliwa: safi, tupu.

"Zimeenda wapi?" shemeji akauliza.

Mke wangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Na zile za kwanza?"

Nikafungua mdomo nidanganye. Ukatoka ukweli, sijui ulipitia wapi, na haukupokelewa vizuri. Bwana harusi akavua koti langu, akalitupa juu ya keki. Mama mkwe akaniita kwa jina langu kamili, mpaka la babu. Shemeji alikaa sakafuni na gauni lake jeupe, akalia taratibu, kama mtu aliye peke yake. Hapo kweli nilijisikia vibaya. Nilimletea kiti. Hakukitaka.

Jumapili, 9 Machi

Fedheha! Tabasamu alialikwa kwenye harusi ile ya kwanza, akapiga picha kwa simu tangu mwanzo mpaka mwisho. Leo kazituma zote kwenye simu ya mke wangu, bure, pamoja na salamu. Akazifuta kwake, eti simu imejaa. Si mbaya, ingawa katika nyingi kanikata kichwa. Shemeji kacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Sasa wote wanamwita kaka. Mimi naitwa "yule".

Mke wangu kanipa simu nizihamishie kwenye kompyuta, kisha kaenda kuoga. "Hamisha tu," kasema, "usiguse kingine." Maneno gani hayo kwa mtaalamu?

Lakini simu yenyewe nzito, inajikokota, hata picha moja haijahama. Nimechungulia: mfumo wake umepitwa na wakati! Na kuna matoleo mapya mawili yanasubiri kubonyezwa. Moja la kawaida, linaahidi kutunza kila kitu kilichomo. Lingine la majaribio, haliahidi chochote, ila ndilo jipya kuliko yote.

Nimechagua la majaribio. La kawaida ni la kina Tabasamu.