Radi ya Januari katika Rejista ya Bima

Otter Bend, Wisconsin
9 Machi 1978

Kwa Bi. Lorraine Pfaff,
Mhifadhi wa Nyaraka, Jumba la Historia la Wilaya

Mheshimiwa Bibi,

Madhumuni ya barua hii ni kulalamika, kwa heshima zote, juu ya kitabu cha miaka mia moja ya Ushirika wa Bima ya Moto wa Wakulima wa Otter Bend, ulichokitayarisha kutokana na rejista za zamani, na ambacho kitaingia mtamboni Jumatatu. Nimeisoma rasimu yote, pamoja na jedwali la mabomba ya moshi yaliyopasuka. Ukoo wa Skogmo, wanachama tangu siku ya kwanza, haumo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila aliyeunguza kitu amepewa ukurasa. Bwana Gunderud, aliyekausha soksi ndani ya jiko la kuokea mikate, amepewa na picha. Sisi, ambao kwa miaka mia hatujaunguza hata uji, hatuna mstari. Nimejifunza, ingawa nimechelewa, kwamba mlango wa kuingilia katika historia ya bima ya moto ni kiberiti.

2. Waliounguliwa walijengewa mabanda mapya na majirani. Babu yangu Anders alipigilia misumari katika mabanda saba kati ya hayo. Rejista inamtaja mara moja tu, mwaka 1907, alipopendekeza kwamba mwanachama yeyote atakayeingiza kandili iliyowashwa ndani ya banda la kuwekea nyasi kavu afutwe uanachama siku hiyo hiyo, bila kusikilizwa. Pendekezo lilipita. Hata hapo wewe umemwita "mwanachama mmoja".

3. Jumapili, kwenye kahawa ya baada ya ibada, Merle Tollefson alinigonga bega mbele ya watu: "Arvid, bwana, nyinyi hata moto uliwakataa! Babu yangu ana kurasa nne. Wako yuko wapi, ndani ya bomba la moshi?" Watu walicheka. Mchungaji alicheka na keki mdomoni.

4. Nimezichunguza kurasa hizo nne. Banda la Nils Tollefson, aliyekuwa katibu wa Ushirika, liliteketea tarehe 17 Januari 1909, naye kwa mkono wake mwenyewe akaandika sababu: "Radi." Bibi, mstari wa juu yake unasema mkutano uliahirishwa kwa kuwa wino uliganda kwa baridi, na huku kwetu radi hupiga majira ya joto. Naistaajabia radi hiyo. Ilivuka theluji ya kufika kiunoni, ikaipita misonobari yote, ikauruka mnara wa kanisa, ikaenda moja kwa moja kwa mtu aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo naomba neno "radi" lifutwe, paandikwe "uzembe". Tollefson abakiziwe ukurasa mmoja. Na hizo tatu apewe Anders Skogmo, mtu aliyejua kushika taa. Binti yake, Shangazi yangu Borghild, ana miaka themanini na moja. Ningependa alione jina la baba yake limechapwa kabla macho hayajamwisha.

Wasalimie wote hapo jumbani, pamoja na yule bwana wa mashine ya nakala. Msalimie hata Merle, akipita.

Wako katika uangalifu,
Arvid Skogmo

Baada ya sahihi: Nimemsomea Shangazi barua hii kabla ya kuifunga. Hakucheka. Alisema, "Umemaliza, mtoto wewe? Sasa keti."

Usiku ule wa moto, kumbe, ng'ombe wa Nils Tollefson alishindwa kuzaa, na Babu akaenda kusaidia. Alikwenda na kandili. Aliiweka kwenye nyasi akaisahau, kwa kuwa ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma.

"Baba alirudi hana nyusi," anasema Shangazi. "Kulipokucha akaenda kwa Nils kujitaja, afutwe kwa sheria yake mwenyewe. Nils alikuwa ameshaandika. Akamwambia, 'Anders, una watoto sita na nyumba ya mbao. Rudi nyumbani. Wino umeshakauka.'"

Sina desturi ya kurarua barua niliyokwisha kuitia sahihi. Ila nayaondoa malalamiko yote manne. Kurasa za Nils zibaki nne, na sisi tusiandikwe popote. Naomba uamuzi wako kabla ya Jumatatu juu ya jambo moja tu: radi ibaki?